Bondi au kani? Kuchagua maelezo sahihi ya kinachoishikilia dutu

Sufuria ya maji inachemka. Mapovu makubwa yanapanda kutoka chini na kupasukia juu. Ndani ya mapovu hayo mna nini?

Swali hili nimewauliza wanaojifunza kemia mara nyingi mno, na jibu linalorudi zaidi ni "haidrojeni na oksijeni". Anayejibu hivyo si mvivu wa kufikiri. Ameambiwa joto hukata bondi, ameambiwa ndani ya maji mna bondi kati ya haidrojeni na oksijeni, akayaunganisha mawili hayo. Tatizo ni kwamba amechagua bondi isiyohusika. Ndani ya povu mna maji yaleyale, molekuli za H₂O kama zilivyokuwa, ila sasa kila moja iko mbali na nyenzake.

Hesabu inalimaliza jambo hili. Kugeuza moli moja ya maji, yaani gramu 18, kuwa mvuke kunahitaji kilojuli 40.7. Kuzivunjavunja molekuli za gramu hizohizo 18 mpaka zibaki atomu pekepeke kunahitaji kilojuli 927 hivi, zaidi ya mara 20. Laiti moto wa jiko ungekuwa unakata bondi za ndani ya maji, kila sufuria ingekuwa inajaza chumba mchanganyiko wa gesi unaolipuka kwa cheche moja.

Kwa hiyo ulinganisho huu ni wa kumsaidia mtu kuchagua. Umepewa dutu fulani na unatakiwa ueleze kwa nini inayeyuka mapema, kwa nini haipitishi umeme, kwa nini inapotelea kwenye maji au inakataa. Mbele yako kuna majina sita au saba ya bondi na kani. Lipi ulishike? Ushauri wangu ni mmoja: kabla ya jina lolote, jiulize ni nini kinachotenganishwa na nini. Ni ioni (atomu au kundi la atomu lenye chaji ya umeme) na ioni? Atomu na atomu? Molekuli na molekuli? Ukishalijibu hilo, jina linakuja lenyewe. Ukiliruka, utataja bondi yenye nguvu kuliko zote unazozijua na kudhani umemaliza kazi.

Maneno mawili kwanza

Kiswahili chenyewe kinatutega kidogo hapa. Tunasema barafu imeyeyuka, mshumaa umeyeyuka, na chumvi imeyeyuka kwenye maji, yote kwa kitenzi kimoja. Kwa kemia hayo ni matukio mawili tofauti kabisa. Chumvi ya mezani inayeyuka kwa joto la nyuzijoto 801, lakini ndani ya glasi ya maji inapotea bila moto wowote. Katika makala hii nitasema *kuyeyuka* pale joto linapogeuza mango kuwa kimiminika, na *kumumunyika* pale dutu inapoingia ndani ya kimiminika kingine na kusambaa humo.

La pili ni *bondi* na *kani*. Nitaita bondi kile kinachounganisha atomu au ioni zikawa dutu, na kani kile kinachovuta molekuli moja kwa nyingine baada ya molekuli hizo kuwa zimekamilika. Jina linalovuruga mpango huu ni bondi ya haidrojeni. Inaitwa bondi, lakini kwa matumizi yetu hapa iko upande wa kani. Ndani ya molekuli ya maji, atomu ya haidrojeni iko pikomita 97 hivi kutoka kwa oksijeni yake. Umbali kutoka haidrojeni hiyo hadi oksijeni ya molekuli jirani, penye bondi ya haidrojeni, ni karibu maradufu ya huo. Kuikata ile ya ndani kunahitaji kilojuli 463 hivi kwa moli. Hii ya nje inahitaji kama 20 tu. Anayezichanganya hizi mbili ndiye anayeishia kujaza povu haidrojeni na oksijeni.

Bondi tatu zikiwekwa pamoja

| | Ya ioni | Kovalenti | Ya metali |
|---|---|---|---|
| Elektroni za nje | zimehamia kwa atomu nyingine | jozi inashikwa na atomu mbili kwa pamoja | zinatembea huru katika kipande kizima |
| Kinachovutana | ioni chanya na ioni hasi | viini viwili na jozi iliyo kati yao | ioni chanya na elektroni huru |
| Mvuto unaelekea wapi | pande zote | upande maalumu tu | pande zote |
| Kupitisha umeme | ikiwa imeyeyuka au imemumunyika | kwa kawaida hapana. Grafiti ndiyo | ndiyo, ikiwa mango au kimiminika |
| Ukiipiga nyundo | inapasuka | inategemea aina | inabonyea na kutanuka |
| Mfano | sodiamu kloraidi | almasi; ndani ya molekuli ya maji | shaba, chuma |

Safu ya nyundo ndiyo ninayoipenda zaidi, kwa sababu mtu anaweza kuiona kwa macho. Chukua punje kubwa ya chumvi, iweke juu ya kitu kigumu, igonge. Haibonyei, inapasuka, na mara nyingi vipande vyake vina nyuso bapa zilizonyooka. Ndani ya fuwele, kila ioni ya sodiamu imezungukwa na ioni sita za kloraidi, na kila kloraidi imezungukwa na sodiamu sita. Pigo linasogeza tabaka moja hatua moja. Hatua hiyo moja inatosha kuziweka chanya mbele ya chanya na hasi mbele ya hasi, zikasukumana, na fuwele ikaachana papo hapo. Kwenye shaba, tabaka likisogea hakuna linaloharibika: ioni zote ni chanya tangu mwanzo, na elektroni zilizo kati yao zinafuata popote zinapokwenda. Ndiyo maana shaba inavutwa ikawa waya, na hakuna awezaye kuvuta waya wa chumvi.

Ukishachagua bondi ya ioni, linalofuata ni kupima uimara wake, na hapo angalia chaji kabla ya kitu kingine chochote. Sodiamu floraidi na magnesiamu oksaidi zina ioni zinazokaribiana kwa ukubwa na zimepangwa kwa namna ileile. Ya kwanza inayeyuka kwenye nyuzijoto 993, ya pili inavuka 2,800. Tofauti kubwa ni kwamba kwenye ile ya pili chaji ni mbili kwa mbili badala ya moja kwa moja, na mvuto wa umeme unakua kwa zao la chaji: mara nne. Ukubwa wa ioni una nafasi yake pia. Sodiamu kloraidi inatangulia sodiamu floraidi kuyeyuka kwa sababu kloraidi ni ioni kubwa, kwa hiyo vitovu vya chaji vinakaa mbali zaidi.

Kuhusu metali nitasema machache tu: usiandike kwamba "bondi ya metali ni imara" ukaishia hapo. Tangsteni inayeyuka kwenye nyuzijoto 3,422, sodiamu kwenye 98, na zebaki iko kimiminika hadi nyuzijoto 39 chini ya sifuri. Bondi ni ya aina moja, tofauti ya joto ni kubwa kupita kiasi. Jina la bondi linaeleza kwa nini zote tatu zinapitisha umeme. Halielezi lenyewe zinayeyuka lini.

Mtego wa 1.7

Wengi hufundishwa kuchagua kati ya ioni na kovalenti kwa kutoa hesabu. Kila elementi ina namba inayoonyesha jinsi atomu yake inavyovuta elektroni za bondi, katika kipimo alichokianzisha Linus Pauling: florini 3.98, oksijeni 3.44, klorini 3.16, kaboni 2.55, haidrojeni 2.20, sodiamu 0.93. Unatoa ndogo kwenye kubwa. Tofauti ikizidi 1.7, unaambiwa ni ioni. Ikipungua, kovalenti.

Mimi siitumii kama hakimu, na nina sababu. Haidrojeni floraidi ina tofauti ya 1.78. Kwa kanuni hiyo ingekuwa fuwele ya ioni, wakati ukweli ni kwamba ni molekuli, na inachemka kwenye nyuzijoto 19.5. Sodiamu haidraidi ina tofauti ya 1.27, kwa kanuni ingekuwa kovalenti, lakini ni mango lililojengwa kwa ioni za Na⁺ na H⁻. Kanuni imeshindwa pande zote mbili.

Kanuni ya "metali na isiyo metali hufanya ioni" inapatia mara nyingi zaidi, ila nayo ina shimo lake. Aluminiamu kloraidi inageuka mvuke kwenye nyuzijoto 180 hivi, na mvuke wake ni molekuli za Al₂Cl₆, tabia ambayo chumvi ya kawaida ya ioni haina. Kwa hiyo anza na aina ya elementi, kisha *itazame dutu yenyewe*: inayeyuka lini, inapitisha umeme katika hali gani. Namba ya tofauti ichukuliwe kama dalili. Na kwa kweli mpaka kati ya ioni na kovalenti haukuchorwa kwa rula. Gilbert Lewis alipoeleza wazo la jozi ya elektroni inayoshikwa na atomu mbili, mwaka 1916, aliona tayari kwamba jozi hiyo inaweza kuegemea upande mmoja kidogo, sana, au kabisa.

Gesi na jiwe

Hapa ndipo ninapotaka kukaa, kwa sababu ndipo watu wengi wanapotumbukia.

Kaboni na silikoni ni majirani, moja juu ya nyingine katika jedwali la elementi. Zote mbili zinaungana na oksijeni mbili: CO₂ na SiO₂. Zote mbili, bondi ni kovalenti. Ya kwanza ni gesi tunayoitoa kila tunapopumua, na ukiipooza katika kanieneo ya kawaida inagandia kwenye nyuzijoto 78.5 chini ya sifuri bila hata kupitia kimiminika. Ya pili ni mchanga mweupe na fuwele za kwatzi, na haiyeyuki mpaka ufike nyuzijoto 1,700 hivi.

Maelezo yanayokuja haraka ni kwamba bondi za CO₂ ni dhaifu. Angalia basi: bondi kati ya kaboni na oksijeni ndani ya CO₂ ina karibu kilojuli 800 kwa moli, na ile kati ya silikoni na oksijeni ina karibu 450. Gesi ndiyo yenye bondi imara zaidi! Maelezo yale hayakukosea kidogo, yamekwenda kinyume kabisa.

Rudi kwenye swali letu. Barafu kavu inapogeuka gesi, nini kinatenganishwa na nini? Molekuli na molekuli. Atomu za ndani ya CO₂ zinabaki zimeshikana vilevile, na kinachoachia ni kani hafifu kati ya molekuli nzima. Kwatzi je? Humo hakuna molekuli. Kila silikoni imeshikwa na oksijeni nne, kila oksijeni imeshikwa na silikoni mbili, na mtandao unaendelea kutoka ukingo mmoja wa jiwe hadi mwingine. Hakuna pa kutenganisha isipokuwa pale penye bondi kovalenti. Fomula SiO₂ inataja uwiano tu wa atomu katika jiwe zima, ilhali CO₂ inataja kitu halisi chenye atomu tatu. Ukiona fomula fupi usifikiri moja kwa moja kwamba umeona molekuli.

Ndiyo sababu neno "kovalenti" peke yake halitoshi kuwa jibu. Uliza papo hapo: kovalenti ya molekuli ndogo, au kovalenti ya mtandao? Almasi, silikoni na kwatzi ni mtandao. Maji, methani, iodini, sukari na nta ni molekuli.

Grafiti inasimama katikati, na ni mwalimu mzuri kuliko zote. Andika mstari kwa penseli na uutazame karibu: ule mng'ao wa kijivu ni vipande vyembamba vya grafiti vilivyobaki kwenye karatasi. Ndani ya kila tabaka, atomu za kaboni ziko pikomita 142 kutoka kwa jirani, karibu zaidi kuliko kwenye almasi, ambako umbali ni 154. Kati ya tabaka na tabaka ni pikomita 335. Ndani kuna bondi kovalenti, kati kuna kani hafifu. Kwa hiyo ukiulizwa kwa nini penseli inaandika, chagua kani za kati ya tabaka. Ukiulizwa kwa nini grafiti inastahimili joto la maelfu ya nyuzi, chagua bondi za ndani. Dutu ni ileile, majibu ni mawili, na yote ni sahihi kwa sababu maswali yanatenganisha vitu tofauti.

Kani kati ya molekuli: shindanisha walio sawa

Umeshajua dutu yako ni ya molekuli. Sasa kuna kani tatu za kuchagua, na kila moja nitaionyesha kwa jozi ambayo kitu kimoja tu kimebadilika.

Ya kwanza ni kani ya London, au kani ya mtawanyiko, aliyoieleza Fritz London mwaka 1930. Elektroni hazitulii. Kwa kitambo kifupi mno zinalundikana upande mmoja wa molekuli, upande huo unakuwa hasi kidogo, na jirani naye anavurugika akavutwa. Kitambo kinachofuata mpangilio umegeuka, lakini mvuto unabaki. Kani hii iko katika *kila* dutu, hata pale penye kani nyingine, na inakua kadiri elektroni zinavyoongezeka. Heliamu inachemka kwenye nyuzijoto 269 chini ya sifuri, xenoni kwenye 108 chini ya sifuri, na atomu hizo hazina kitu kingine cha kuzivuta. Umbo nalo lina neno. Kuna pentani tatu, zote C₅H₁₂. Ile iliyonyooka inachemka kwenye nyuzijoto 36, yenye tawi moja kwenye 28, na ile iliyojikunja kama mpira kwenye 9.5. Molekuli ndefu zinalazana ubavu kwa ubavu, za mviringo zinagusana kwa nukta tu.

Ya pili ni ya dipoli kwa dipoli, kwa molekuli zenye ncha, yaani zenye upande mmoja chanya kidogo na mwingine hasi kidogo wakati wote. Butani na asetoni zina uzito wa moli unaolingana, gramu 58. Butani, isiyo na ncha kwa kiasi cha kutajika, inachemka karibu na sifuri. Asetoni inachemka kwenye 56.

Ya tatu ni bondi ya haidrojeni. Jozi yake bora ni ethanoli na dimethaili etha: fomula moja, C₂H₆O, atomu zilezile tisa, zimepangwa tofauti. Ethanoli inachemka kwenye nyuzijoto 78, etha kwenye 24 chini ya sifuri. Zote zina oksijeni, zote zina haidrojeni sita. Lakini kwenye etha kila haidrojeni imeshikwa na kaboni, na kwenye ethanoli moja imeshikwa na oksijeni. Hiyo moja ndiyo iliyoongeza nyuzi 102. Kwa hiyo usitafute "haidrojeni na oksijeni zimo", tafuta haidrojeni *iliyoshikwa moja kwa moja* na naitrojeni, oksijeni au florini, na jirani mwenye jozi ya elektroni ya kuipokea. Fasili iliyotolewa na IUPAC, muungano wa kimataifa wa kemia, mwaka 2011 ni pana kuliko hiyo, ila kwa kuchagua jibu la kila siku N, O na F zinatosha.

Idadi nayo ihesabiwe. Bondi moja ya haidrojeni kati ya HF na HF ina nguvu kuliko ya maji, lakini HF inachemka kwenye 19.5 na maji kwenye 100. Molekuli ya maji ina haidrojeni mbili za kutoa na jozi mbili za kupokelea, kwa hiyo inaweza kushikana na majirani wanne. HF ina haidrojeni moja tu ya kutoa.

Sasa onyo. Watu huchukua hizi tatu na kuzipanga kama ngazi: London chini, dipoli katikati, haidrojeni juu, kisha wanachagua mshindi kwa jina. Ngazi hiyo inafaa pale tu molekuli zinapolingana kwa ukubwa. Haidrojeni kloraidi ina ncha iliyo wazi zaidi kuliko haidrojeni iodaidi, lakini inachemka kwenye 85 chini ya sifuri, wakati iodaidi ni 35 chini ya sifuri, kwa sababu ina elektroni 54 dhidi ya 18. Kloroformu ina ncha, kaboni tetrakloraidi haina kabisa, na bado hii isiyo na ncha ndiyo inayochelewa: 77 dhidi ya 61. Heptani, ambayo haina chochote isipokuwa London, inachemka kwenye 98, ikikaribiana na maji yenye bondi zake zote za haidrojeni. Mimi huanza na ukubwa. Ukubwa ukilingana natazama ncha, ncha zikiwepo natazama haidrojeni imeshikwa na nani. Ukubwa usipolingana, London ipewe nafasi ya kwanza mpaka namba ziikatae.

Hili unaweza kulishuhudia juu ya kipande cha kioo. Weka matone matatu yanayolingana: asetoni, maji, mafuta ya kupikia. Tone la asetoni linatanuka, kingo zake zinajikunja kuelekea ndani, na baada ya muda mfupi hakuna kitu. Ukiliweka mgongoni mwa mkono utahisi baridi kali, kwa sababu molekuli zinazoondoka zinachukua joto la ngozi kulipia kuachana kwao. Maji yanakaa yamevimba kama kifungo na kukauka taratibu. Mafuta utayakuta kesho. Kwa ngazi ile, mafuta yangepaswa kutoweka kabla ya maji, maana hayana haidrojeni iliyoshikwa na oksijeni. Lakini molekuli moja ya mafuta hayo ina zaidi ya atomu 50 za kaboni, na kani hafifu zikiwa nyingi hivyo huwezi tena kuziita hafifu. Mjusi kafiri anatembea darini kwa msingi huohuo: vidole vyake vina vinyweleo vingi mno, vyembamba mno, na kila kimoja kinashikwa na ukuta kwa kani za van der Waals, familia ambayo kani ya London imo.

Kumumunyika: hesabu ya pande tatu

Kwa kuchemka, unahesabu kani moja inayoachia. Kwa kumumunyika unahesabu tatu: kinachoishika dutu, kinachokishika kimumunyishi (kimiminika kinachoipokea), na kinachozishika hizo mbili zikishakutana. Ukihesabu upande mmoja tu, chumvi itakushinda. Kuzitenganisha ioni za moli moja ya sodiamu kloraidi kunahitaji kilojuli 787 hivi, na bado gramu 36 za chumvi hiyo zinaingia katika gramu 100 za maji ya joto la chumba. Nani anayelipa? Maji yenyewe. Kila ioni ya sodiamu inazungukwa na molekuli za maji zilizoielekezea oksijeni, kila kloraidi inaelekezewa haidrojeni, na mivuto hiyo mipya inarudisha karibu gharama yote. Huu ni mvuto wa ioni kwa dipoli. Wengi hawautaji kwa sababu haumo katika ile orodha ya kani tatu, na hapa ndio wenye kazi.

Ethanoli inachanganyika na maji kwa kiasi chochote. Heksanoli, yenye kikundi kilekile cha OH mwishoni mwa mkia wa kaboni sita, inaingia kidogo tu. Kichwa kinakubalika, mkia unayalazimisha maji yaachane bila kuyalipa vya kutosha. Watu husema mafuta "yanayachukia" maji, na sipendi usemi huo, kwa kuwa molekuli za mafuta na za maji zinavutana. Ni kwamba maji yanavutana yenyewe kwa yenyewe zaidi sana.

Halafu kuna dutu zinazobadili kundi zinapoingia majini. Haidrojeni kloraidi ikiwa gesi ni molekuli, ikiwa kimiminika ni molekuli, na haipitishi umeme. Ndani ya maji bondi yake kovalenti inakatika kweli, zinapatikana ioni za H₃O⁺ na Cl⁻, na taa ya jaribio la umeme inawaka. Sukari inaingia majini kwa wepesi uleule, na taa haiwaki kamwe, kwa maana molekuli zake zimeachana zikiwa nzima. Matukio yote mawili tunayaita kumumunyika. Usichague jibu kabla ya kujua ni lipi umelipata.

Pale yote mawili yanapogombania joto

Mifano hii yote ilikuwa na mshindi: ama kani zinaachia kwanza, ama hakuna kani na bondi ndiyo inayokatwa. Sukari ikichomwa inakataa mgawanyo huo.

Weka sukari kidogo kwenye kijiko cha chuma na uishike juu ya mwali mdogo. Molekuli yake, C₁₂H₂₂O₁₁, ina vikundi vinane vya OH, na kila kimoja kinaweza kushikana na jirani. Jumla ya bondi hizo za haidrojeni ni kubwa kiasi kwamba molekuli zinapoanza kuteleza, kwenye nyuzijoto 186 hivi, joto limeshafikia kiwango cha kuanza kuzivunja zenyewe kwa ndani. Kwanza kingo za punje zinakuwa kama kioo. Kisha rangi ya dhahabu, kisha kahawia, na harufu ambayo sukari baridi haina. Selulosi, yenye OH nyingi zaidi katika nyuzi ndefu, haifiki hata hatua ya kwanza: inaungua bila kuyeyuka, ndiyo maana hakuna awezaye kumimina pamba.

Endelea kushika kijiko. Kahawia inakuwa nyeusi, inavimba, na mvuke unapanda. Sehemu kubwa ya mvuke huo ni maji, na ukishikia kioo baridi juu yake kitapata ukungu kama ambavyo kingepata juu ya sufuria ya maji. Ila maji ya sufuria yalikuwa maji tangu mwanzo. Haya ya kijiko hayakuwepo: haidrojeni na oksijeni zake zilikuwa sehemu ya molekuli ya sukari, zikang'olewa, zikaungana upya njiani, na makaa yaliyobaki kijikoni ni kaboni iliyoachwa nyuma.